Njia ya Msituni Husomwa Mwaka Mzima

Shule nyingi za sekondari hufanya safari ya kimasomo mara moja kwa mwaka. Wanafunzi huondoka alfajiri, hufika msituni jua likiwa limekwisha kupanda, huonyeshwa mti mrefu, maporomoko ya maji na pengine kundi la mbega, kisha hurejea jioni na madaftari yaliyojaa majina. Safari ya namna hiyo haikosi faida, kwani humtia kijana hamu. Lakini ni dhahiri kwamba haiwezi kumfundisha jinsi msitu unavyoishi. Maua huchanua katika mwezi mmoja na matunda huanguka katika mwezi mwingine. Ndege waliopo Januari huenda wasiwepo Juni. Kijito kinachovukwa kwa hatua moja wakati wa kiangazi huwa hakivukiki wakati wa masika. Mambo haya hujulikana tu kwa mtu anayeipita njia ile ile mara nyingi, katika majira yote, na kuandika anayoyaona.

Jambo hili si la anasa wala la kupitishia wakati tu. Makosa kadhaa makubwa yaliyofanyika katika misitu ya Tanzania yalitokana na kuutazama msitu kwa muda mfupi kuliko uliohitajika. Mfano mzuri wa kulichunguza jambo hili ni msitu wa Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, mkoani Tanga. Huko njia za kutembea kwa miguu zimetengwa rasmi kwa wageni na wanafunzi, na vijiji vinavyouzunguka msitu vina shughuli nyingi zinazoutegemea.

Kutoka Zigi hadi Amani

Milima ya Usambara ya Mashariki iko kiasi cha kilomita 40 tu kutoka Bahari ya Hindi. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha hapo Amani taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo, pamoja na bustani ya mimea. Ililetwa miti kutoka sehemu nyingi za joto duniani, ikiwamo mikwinini na mikafuri, ili kujaribu kama ingestawi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza taasisi hiyo ikawa mikononi mwa Waingereza, na baadaye majengo yake yakatumiwa na watafiti wa malaria. Mwaka 1997 serikali ya Tanzania ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye eneo la hekta 8,380.

Lango la hifadhi liko Zigi, penye nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni. Hapo ndipo ilipokoma reli nyembamba waliyoijenga Wajerumani kwa ajili ya kuteremsha mbao. Zigi iko kwenye kimo cha mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari, na Amani iko kwenye mita 900 hivi. Mtu anayepanda kati ya sehemu hizi mbili hupita katika somo la jiografia bila kufungua kitabu. Kwa kawaida hewa hupungua joto kwa kiasi cha nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo tofauti kati ya Zigi na Amani hukaribia nyuzi 3. Darasa lenye vipimajoto viwili, kimoja chini na kingine juu, vikisomwa kivulini saa ile ile, linaweza kulihakikisha jambo hili kwa siku moja. Likitaka kujua kama tofauti hiyo ni sawa wakati wa ukungu na wakati wa jua kali, litalazimika kurudi.

Mvua nayo ina maelezo yake. Upepo utokao baharini huja na mvuke mwingi. Ukifika kwenye mlima hulazimika kupanda. Unapopanda hutanuka na kupoa, na mvuke hugeuka matone. Ndiyo sababu Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali nyanda zilizo nyuma ya milima hupata kiasi kidogo zaidi. Hali hii ni ya kale mno. Hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, bahari iliendelea kuinywesha milima hii, na viumbe ambavyo kwingineko vilitoweka vikabaki hapa. Ua dogo la rangi ya urujuani ambalo leo huuzwa katika vyungu duniani kote lina asili yake Tanga na Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani, na wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina lake. Jamaa zake wa porini wangali wamejishika kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na mti unaowatilia kivuli ukikatwa, mwamba hukauka nao hufa.

Mwaka mmoja katika njia moja

Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto huwa kali kuliko nyakati nyingine. Huu ni wakati wa kuwatazama wageni wa mbali. Mbayuwayu waliokimbia majira ya baridi ya Ulaya huonekana wakiruka chini chini juu ya mashamba ya chai yanayopakana na msitu, wakidaka wadudu. Ikifika Aprili huwa wamekwisha kuondoka. Mwanafunzi anayeandika tarehe ya mwisho ya kuwaona, mwaka baada ya mwaka, anafanya kazi ile ile ifanywayo na wataalamu wa ndege kwingineko duniani.

Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Njia huwa na utelezi, na walimu wengi huona ni afadhali kubaki darasani. Hata hivyo huu ndio wakati wa kuyaelewa maji. Katika sehemu yenye msitu mzito, mvua hupiga majani kwanza, hutiririka polepole kwenye matawi na mashina, kisha huzama katika tabaka la majani makavu lililo kama sponji. Katika shamba lililoachwa wazi kwenye mteremko, matone hupiga udongo moja kwa moja, huuvunja na kuubeba. Inatosha kuchota maji ya vijito viwili katika chupa mbili nyeupe, kimoja kikitoka msituni na kingine mashambani, na kuziacha zitulie usiku kucha. Asubuhi tope lililozama chini ya kila chupa litaeleza mengi.

Masika pia ni wakati wa vyura. Katika majani yaliyoanguka hapo Amani huishi chura mdogo aitwaye kitaalamu Nectophrynoides tornieri. Vitabu vya shule hufundisha kwamba chura hutaga mayai majini, yakaangua viluwiluwi, na viluwiluwi vikageuka vyura. Huyu hafuati kanuni hiyo. Jike huyahifadhi mayai tumboni mwake na kuzaa vichura vilivyokamilika miguu, bila kuhitaji dimbwi. Mahali penye mteremko mkali, ambapo maji hukimbia na hayatuami, desturi hiyo ina faida iliyo wazi.

Kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa kusi unapotawala, hali ya hewa huwa ya baridi na ukungu hufunika vilele asubuhi. Msitu wa juu huonekana kana kwamba umenyamaza. Ukimya huo una sababu: baadhi ya ndege wa msitu wa juu huteremka katika majira haya hadi kwenye misitu ya chini, ambako kuna joto zaidi, kisha hupanda tena baridi ikipungua. Watafiti wamelithibitisha jambo hili katika Usambara ya Mashariki. Maana yake ni nzito. Mtu akiuhifadhi msitu wa Amani juu, akauacha ule wa chini karibu na Zigi uteketee kwa mkaa na mashamba, atakuwa amewahifadhia ndege hao nusu ya mwaka tu.

Vuli huingia Oktoba. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka vichuguuni kwa maelfu, na chakula cha ndege huwa tele. Katika miezi hii ndege wengi wa msituni hujenga viota. Vinyonga nao huonekana kwa urahisi zaidi usiku, wakati ngozi yao iliyofifia inapong'aa katika mwanga wa tochi. Miongoni mwao yupo Trioceros deremensis, mwenye jina lililotokana na Derema, jirani na Amani. Dume lake lina pembe tatu usoni. Watu wengi humwogopa kinyonga na kumwua wakimwona, wakiamini kwamba ni mkosi. Ukweli ni kwamba hana sumu, na kazi yake ya kila siku ni kula wadudu.

Mambo matatu yasiyoonekana kwa siku moja

Jambo la kwanza ni la mti uitwao msambu, ambao jina lake la kitaalamu ni Allanblackia stuhlmannii. Huzaa matunda makubwa ya rangi ya kahawia, yanayoning'inia na hatimaye kuanguka yenyewe. Mbegu zake zina mafuta yanayoganda katika joto la kawaida, na wenyeji wameyatumia tangu zamani kwa kupikia na kutengeneza sabuni. Tangu miaka ya 2000 mbegu hizo zimenunuliwa pia na wafanyabiashara kwa ajili ya viwanda, na familia nyingi za vijijini zimepata fedha kwa kuziokota.

Mkulima mwenye misambu shambani huona kwamba mingine huzaa na mingine haizai kabisa. Aitazamapo kwa msimu mmoja, ni rahisi kuamua kuikata isiyozaa ili apate nafasi. Lakini msambu ni kama mpapai: kuna mti jike na kuna mti dume. Usiozaa ndio unaotoa chavua. Madume yote yakikatwa, majike yanayobaki hukosa wa kuyachavusha, na mavuno hupungua bila mkulima kujua sababu. Wala si rahisi kuurudisha mti uliokwisha kukatwa, kwani mbegu ya msambu huweza kukaa ardhini mwaka mzima au zaidi kabla ya kuota, na katika muda huo panya buku huzihamisha na kuzila nyingi. Wanafunzi wanaoitia alama miti kumi ya msambu na kuitazama ikichanua wanaweza kumwonyesha mzazi, kwa kulinganisha maua, ni upi dume na ni upi jike.

Jambo la pili ni la mti mgeni. Maesopsis eminii ni mti wa misitu ya Uganda na sehemu za Ziwa Viktoria, ulioletwa Usambara ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. Hukua upesi, shina lake hunyooka, na kwa miaka michache ya mwanzo ulionekana kuwa baraka. Ulipandwa katika sehemu zilizokatwa magogo ili kuziba mapengo. Lakini mti huu huzaa matunda mengi yanayopendwa na hondohondo. Ndege hao humeza matunda, huruka mbali, na kuziangusha mbegu ndani ya msitu wa asili. Mche wake huhitaji mwanga, kwa hiyo hustawi hasa pale paa la msitu lilipotobolewa. Kila mti mkubwa wa asili unaoangushwa humfungulia mgeni huyo mlango. Waliouleta hawakuwa wajinga. Waliupima mti wenyewe, wakasahau kumpima ndege.

Jambo la tatu ni la iliki. Zao hili hupenda kivuli, na kwa miongo mingi wakulima wa Usambara ya Mashariki walililima chini ya miti mirefu ya msitu. Mgeni apitaye njiani huinua macho, akaona majani yamefungamana juu, akaondoka akiamini kuwa msitu ni mzima. Angeinamisha macho angeona jambo lingine. Ili iliki ipate nafasi, mkulima hufyeka vichaka na miche yote ya chini. Miti mikubwa husimama kwa muda mrefu, lakini haina watoto. Ikizeeka na kuanguka, hakuna wa kushika nafasi yake.

Hata hivyo iliki ilikuwa ndiyo ada ya shule na matibabu ya familia nyingi. Serikali ilipotaka kuuhifadhi msitu wa Derema ili uunganishe Amani na misitu mingine, wakulima walilazimika kuyaacha mashamba yao ya iliki na kulipwa fidia, na jambo hilo lilileta manung'uniko ya miaka mingi. Wapo walioona kwamba fidia haikulingana na zao linalovunwa mwaka baada ya mwaka. Mwalimu anayewapitisha wanafunzi karibu na Derema hana haki ya kuwaonyesha miti peke yake na kunyamaza kuhusu watu. Swali gumu la uhifadhi liko hapo hapo: maji na viumbe ni mali ya wengi, lakini gharama ya kuvilinda huangukia mara nyingi mabega ya wachache wanaoishi karibu.

Mkaguzi wa hesabu na mayai ya ndege

Kwamba uvumilivu huzaa elimu kumethibitishwa hapo hapo Amani. Mwaka 1928 alifika Mwingereza Reginald Moreau kufanya kazi katika taasisi. Hakuwa mwanabiolojia kwa masomo. Kazi yake ya kwanza maishani ilikuwa katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu. Alikaa Amani hadi mwaka 1946, na kwa miaka hiyo yeye, mkewe Winifred na wasaidizi wa Kiafrika waliozoezwa kutazama walifuatilia viota kwa saa nyingi, wakiandika kila ndege alipofika na kuondoka.

Mojawapo ya taarifa zao, iliyochapishwa mwaka 1941, ilimhusu hondohondo. Jike huingia katika tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba. Hukaa humo zaidi ya miezi mitatu, akitaga, akiatamia na kulea, huku dume akimletea matunda na kumpitishia ufani. Ni wazi kwamba habari kama hii haiwezi kupatikana kwa matembezi ya siku moja.

Mwaka 1944 Moreau alichapisha katika jarida la Ibis uchunguzi uliolinganisha idadi ya mayai ya ndege wa Afrika na ya jamaa zao wa nchi za mbali na Ikweta. Ndege wadogo wa misitu ya Afrika aghalabu hutaga mayai mawili au matatu, ilhali wenzao wa Ulaya hutaga manne, matano au zaidi. Kwa nini? David Lack wa Uingereza alieleza kwamba idadi ya mayai hufuata idadi ya makinda ambayo wazazi wanaweza kuyalisha, na siku za kiangazi za Ulaya ni ndefu, zenye saa nyingi za kutafuta chakula. Alexander Skutch, aliyefanya kazi Costa Rica, alishuku kwamba wazazi wanaoingia na kutoka kiotani mara nyingi huwavuta maadui, hivyo katika nchi za joto, penye maadui wengi, ni salama zaidi kuwa na makinda machache. Mjadala huo haujafungwa. Na chanzo chake kimojawapo ni madaftari yaliyojazwa kwa subira kandokando ya njia za Usambara.

Vijiji na njia zake

Njia ya msituni haipiti mahali patupu. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, wanavijiji wa karibu na Amani waliingia katika ufugaji wa vipepeo. Kila familia hupanda karibu na nyumba mimea inayoliwa na viwavi, huwatunza katika vibanda vya wavu, na kukusanya pupa kabla hawajatoka vipepeo. Pupa walisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho.

Kazi hii ilihitaji elimu halisi. Mfugaji hana budi kujua kwamba kiwavi wa aina moja hula jani la aina moja au chache tu, na hawezi kudanganywa. Papilio dardanus, kwa mfano, hulishwa mimea ya jamaa ya mlimau. Kipepeo huyu ni maarufu kwa wanasayansi, kwani majike yake huja katika sura mbalimbali, nyingi zikiiga vipepeo wengine wenye ladha mbaya ambao ndege wamejifunza kuwaepuka. Mama wa kijijini anayeyaona majike matatu yasiyofanana yakitoka kwa ndugu wa uzao mmoja ana mbele yake somo la urithi lenye nguvu kuliko mchoro wowote wa ubaoni. Tena mimea hiyo hutoka msituni. Msitu ukiisha, mbegu ya biashara imekwisha.

Mwezi wa Machi mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Marufuku hiyo iliwakumba pia wafugaji wa vipepeo, ingawa walichouza kilizalishwa vibandani mwao, na soko lao likapotea ghafla. Funzo lililopo ni kwamba shughuli ya jamii inayotegemea mnunuzi mmoja wa mbali ni dhaifu, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Ujuzi wa mimea na wadudu uliopatikana unaweza kupotea pamoja na soko, isipokuwa pakiwa na watu wa kuurithi, na hapo shule za jirani zina nafasi yao.

Zipo shughuli nyingine zinazoweza kuufuata mwaka. Tarehe 1 Aprili ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, nayo huangukia masika, wakati mche unapopata maji. Kasoro ya siku hiyo hujulikana: miche hupandwa kwa sherehe na kusahauliwa. Shule inayorudi Juni, Septemba na Desemba kuihesabu iliyo hai itajua zaidi kuhusu upandaji miti kuliko shule iliyopanda miche elfu moja. Tarehe 5 Juni ni Siku ya Mazingira Duniani, na hapo wanafunzi wanaweza kuwasomea wazazi waliyoyaandika. Vilabu vya Malihai, vilivyoanzishwa Tanzania mwaka 1980, vimekuwa njia nzuri ya kuwaunganisha vijana wa shule mbalimbali katika kazi kama hizi. Na vijiji vyenye misitu yao vina kamati za kuilinda, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Wajumbe wake huijua mipaka, chemchemi na miti kwa majina ya kienyeji, na aghalabu hufurahi kuulizwa.

Uhusiano huu hauishii mlimani. Vijito vya Amani huingia Mto Zigi, na maji ya Zigi hukusanywa katika bwawa la Mabayani na kupelekwa mjini Tanga. Mwanafunzi wa Tanga afunguapo bomba, anachota mvua iliyoanguka juu ya miti ya Usambara. Miteremko ikivuliwa miti, tope litakalojaa bwawani halitabagua nyumba.

Namna ya kuanza

Shule haihitaji kuwa Amani. Shule ya pwani inaweza kuchagua njia ya mikokoni na kuifuata bamvua kwa bamvua; shule ya Tabora inaweza kuchagua njia ya miyombo, ambayo hutoa majani mapya mekundu kabla ya mvua kunyesha. Linalotakiwa ni njia fupi, kama kilomita moja, inayofikika kwa miguu, na ruhusa ya wanaolisimamia eneo.

Kwanza, vichaguliwe vituo kumi, na katika kila kituo mti mmoja upewe namba. Kila baada ya wiki mbili, siku ile ile, wanafunzi wawili waandike mambo manne tu: majani mapya, maua, matunda, na majani yanayoanguka. Orodha ndefu huchosha na kuachwa.

Pili, mvua ipimwe shuleni kila asubuhi saa 3. Kopo lenye pande zilizonyooka wima, lililowekwa mahali pa wazi, pamoja na rula, hutosha.

Tatu, kijito kipimwe mara moja kwa mwezi. Zipimwe mita 10 za ukingo ulionyooka, kipande cha ganda la chungwa kiachwe kielee, na muda uhesabiwe. Tuseme limetumia sekunde 20: mwendo wake ni nusu mita kwa sekunde. Kijito kikiwa na upana wa mita 2 na kina cha wastani cha mita 0.3, eneo la mkato wake ni mita za mraba 0.6. Zidisha kwa mwendo, upate mita za ujazo 0.3 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya chini hucheleweshwa na msuguano, jibu lizidishwe kwa 0.8; hupatikana kama lita 240 kwa sekunde. Hesabu hii ikiwekwa katika grafu pamoja na ile ya mvua, wanafunzi wataona kijito kikipanda baada ya mvua kubwa na, jambo lenye maana zaidi, watajua kinachukua siku ngapi kushuka.

Nne, mara mbili kwa mwaka, miche yote iliyo chini ya kimo cha goti ihesabiwe ndani ya mraba wa mita 10 kwa 10. Hapo ndipo msitu unaposema kama una watoto.

Tahadhari ni chache lakini za lazima: viatu vilivyofunika miguu, asitembee mtu peke yake, mti ulioanguka utazamwe kwanza kabla ya kuurukia kwa sababu ya nyoka, na kiumbe kisichukuliwe wala ua kuchumwa.

Daftari libaki shuleni. Kidato cha Kwanza walianze na, watakapofika Kidato cha Nne, wawakabidhi wadogo zao likiwa na miaka minne ya mvua, maua, miche na maji. Daftari la miaka minne huweza kuonyesha kwamba kijito kinakauka mapema kuliko zamani, au kwamba miche imetoweka chini ya miti inayoonekana kuwa mizima. Siku kijiji kitakapokutana kuamua kama kipande fulani cha msitu kikatwe au kiachwe, itafaa mtu mmoja asimame na kusoma tarakimu hizo, na mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi.